Mwandiga miezi sita, kisha Ujiji

Dalali wangu wa kwanza hapa Kigoma alikuwa na pikipiki yake mwenyewe na saa yake mwenyewe. Kila chumba kwake kilikuwa "dakika tano tu toka mjini, dada'ngu". Gungu dakika tano. Bangwe dakika tano. Mwandiga, ambako tulipanda hadi Mwanga, tukaendelea, tukaendelea tena, vumbi likanijaa mpaka kwenye nyusi, nako dakika tano. Nilimpa elfu kumi ya kunizungusha, na jioni nilikuwa nimeona vyumba saba bila kujua hata kimoja kiko upande gani wa Ziwa Tanganyika.

Hiyo ilikuwa Februari 2024. Nilikuwa nimetoka Tanga na begi mbili, nimepata kazi ya mahesabu kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari: saruji, unga, mabati, vitu vinavyovuka ziwa kwenda Kalemie na Bujumbura. Tangu nianze kuweka picha za ziwa kwenye stetasi, watu watatu niliosoma nao chuo wameshaniuliza swali lilelile: nikipata kazi huko, nipange wapi? Mmoja ameripoti wiki iliyopita. Basi naandika mara moja, wote wasome.

Kwanza uelewe mji wenyewe. Manispaa inaitwa Kigoma/Ujiji, na huo mkwaju katikati ya majina ndio unaowachanganya wageni. Ujiji ndiyo mkubwa kwa umri. Burton na Speke walipofika ziwani Februari 1858 walifikia Ujiji, na Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 ilikuwa Ujiji. Kigoma ilipanda cheo baadaye, kwa sababu ghuba yake ina kina na imejikinga na mawimbi. Reli ikaja kuishia hapo mwaka 1914, na mambo ya ofisi yakafuata reli. Kati ya miji hiyo miwili, juu mlimani, pakakua Mwanga, penye soko na kelele. Kutoka stesheni hadi Ujiji ni kama kilomita 8. Kwa hiyo utafanya kazi bondeni, utanunua nyanya Mwanga, na wapi utalala ni shauri lako.

Mimi nilichagua kwa macho. Nyumba ya Mwandiga ilikuwa mpya: tailizi nyeupe, dari la jipsamu lenye taa za rangi, fensi, geti jeusi, masta kubwa na jiko dogo pembeni. Luku, yaani mita ya umeme, ya peke yangu. Laki moja kwa mwezi, lipa ya miezi sita. Nikapiga picha bafuni nikamtumia mama. Mama akajibu, "Maji yanatoka?" Nikaona ana gubu. Bomba si lipo?

Bomba lilikuwepo. Maji ndiyo yalikuwa mgeni. Yalikuja usiku, siku mbili kwa wiki, na hayakuwa na siku maalumu. Wapangaji tulikuwa wanne, simtanki moja, na mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa na watoto watatu na mashine ya kufulia. Nilijifunza kulala na sikio moja wazi. Saa tisa usiku unasikia mfereji unakohoa uani, unaruka na ndoo mbili, unakuta wenzako wameshapanga foleni wakiwa na vitenge kifuani, hakuna anayemsalimia mwenzake.

Hiyo Luku ya peke yangu nayo ina kisa. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye umeme. Kwa nyumba ya kawaida wakati huo ilikuwa 1,500 kwa mwezi. Sasa nyumba ilikuwa imekaa tupu miezi mitano kabla yangu. Nikanunua umeme wa elfu kumi, deni la miezi mitano likala 7,500, nikabaki na uniti za kuchemshia chai. Nikampigia mwenye nyumba, yuko Dar. "Usijali mdogo wangu, tutakata kwenye kodi ya chumba." Hatujakata mpaka leo. Ukienda kuona chumba chenye mita yake, omba namba ya mita uangalie deni kabla hujatoa hata shilingi. Hili ningeambiwa mapema ningeshukuru kuliko taa za rangi.

Lakini haya yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni giza.

Watu wa pwani hatulijui hili mpaka tuje huku. Saa ni ileile nchi nzima, ila jua halisomi saa. Kigoma iko magharibi sana kiasi kwamba jua linachelewa kama dakika 40 nyuma ya Tanga. Februari na Julai linachomoza saa moja imeshapita. Mimi ofisini natakiwa saa mbili kamili, na gari la Mwandiga haliondoki mpaka lijae, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu nilitakiwa niwe barabarani. Tanga saa hiyo watoto wako njiani kwenda shule na mama wa vitumbua ameshauza nusu ya karai. Mwandiga nilikuwa nimesimama gizani kabisa, simu mfukoni tochi imewashwa, namsikia kondakta kabla sijamwona.

Jua likichelewa kuja linachelewa pia kuondoka. Hapa unatoka kazini saa kumi na moja na una zaidi ya saa mbili za mwanga mbele yako. Februari saa moja na robo jioni bado kweupe, jua liko juu ya milima ya Kongo, ziwa limekuwa rangi ya mawese. Kwetu saa hiyo umeshawasha taa na kufunga dirisha kwa ajili ya mbu. Huu ndio utajiri wa Kigoma, na mimi miezi sita niliutumia nikiwa nimebanwa na kikapu cha mtu ndani ya haisi pale Mwanga, tunasubiri abiria wawili wa mwisho. Nikifika Mwandiga naoga kwa kopo, nafunga geti, naangalia tailizi zangu.

Sisemi Mwandiga pabaya. Soko lake la ndizi, maharage na nanasi ni zuri, na kwa mtu ambaye kazi zake ziko njia ya Manyovu ni sahihi kabisa. Jirani yangu mmoja alikuwa mwalimu huko juu. Yeye alikuwa anakwenda kinyume na foleni yetu, anaondoka kashiba na anarudi kashiba. Mimi ndiye niliyekaa pasiponihusu.

Mkataba ulipokaribia kuisha nikaanza kuuliza ofisini. Mkubwa wetu wa mahesabu akasema Bangwe, uone ziwa ukiwa kitandani. Nilikwenda. Pazuri, na bei yake inakutazama kama ziwa linavyokutazama. Kijana wa stoo akasema Kibirizi, karibu na maboti, kodi ndogo. Nilikwenda pia. Kwenye ukuta wa kile chumba kulikuwa na mstari wa rangi ya udongo, usawa wa goti langu. Nikamuuliza dalali (huyu wa pili, asiye na pikipiki) mstari wa nini. "Rangi tu, dada." Nikautazama mstari, nikatazama ziwa, nikamwambia twende.

Nikasema Ujiji, ofisi nzima ikacheka. "Ujiji? Utakwenda kuolewa na mzee." "Ujiji usiku watu hawalali, ngoma." Dada wa mapokezi, mwenyewe mzaliwa wa Kasulu, akanivuta pembeni kwa huruma: "Kule wanakujua mpaka ulichokula." Alidhani ananitisha. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga. Mtaa usiojua umekula nini ni mtaa ambao ukiugua Ijumaa wanakukuta Jumatatu.

Chumba nilikipata bila dalali. Nilishuka kwenye daladala mwisho wa barabara ya Lumumba nikaanza kutembea, Jumamosi asubuhi, nasalimia. Chini ya miembe, mitaa ile ina baraza kama za kwetu: nyumba ndefu za zamani, milango iko wazi, wanawake wa Kimanyema na kanga zao wanachambua mchele, Kiswahili chao unakielewa bila kukunja uso. Nikamuuliza bibi mmoja kama anajua chumba. Hakujibu. Aliniambia kaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi weye?"

"Tanga, bibi."

"Tanga ya wapi?" Nikamwambia. "Baba yako anafanya nini?" Nikamwambia. "Unapika, au unanunua chipsi?"

"Napika."

"Unarudi saa ngapi?"

Yaani nilikuwa nimekwenda kukagua chumba, kumbe chumba ndicho kinanikagua mimi. Robo saa nzima hakuniambia kama ana nafasi. Alipotosheka akanyanyuka, akafungua mlango wa uani, akanionyesha chumba na sebule. Sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa miaka, dari la mbao, dirisha la nyuma lenye kitasa kibovu. Choo cha kuchangia na yeye na wajukuu wawili. Na katikati ya ua, kisima chenye mfuniko wa bati na ndoo ya kamba. Nikaitupa ndoo, nikaisikia inagonga maji, nikaivuta. Nikanawa uso palepale.

Elfu sitini kwa mwezi, miezi mitatu mitatu. Kodi ya majengo anailipa mwenyewe. Nilipomuuliza alishangaa: "Nyumba si yangu?"

Nilihama tarehe 17 Agosti 2024. Siku mbili kabla ziwa lilikuwa limefunguliwa. Kama hukuwepo: mwaka huo serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Miezi mitatu ya maharage na sangara wa barafu. Mimi nikadhani kesho yake mji utajaa dagaa. Bibi akanionyesha mwezi, umebaki siku mbili kukamilika. "Na huo je?" Sikuelewa. Akanieleza kama anayemweleza mtoto: dagaa wanavuliwa kwa taa. Usiku wa giza boti zinawasha taa, dagaa wanaifuata. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina taa, nani afuate ya kwako? Subiri mwezi upungue.

Nikasubiri. Mwisho wa wiki iliyofuata nilitoka kazini saa kumi na moja, saa kumi na mbili kasoro nikawa Ujiji, nikashuka ufukweni na mjukuu wake mkubwa, mwanga bado tele. Boti zilikuwa zinajiandaa kuingia ziwani, vijana wanapakia taa na kupima nyavu kwa mikono. Usiku nikiwa kitandani nikasikia mtu anapita barazani akisema dagaa wameingia wengi. Asubuhi, kabla jua halijatoka, bibi alikuwa ameshapata kopo mbili za dagaa. Wale wa kuchemsha kwa nyanya na mawese, na ugali wa muhogo. Sikula ofisini siku hiyo.

Yapo ya kero, nisiyafiche. Daladala za Ujiji zinajaa, ingawa zinapita mfululizo na giza haliniogopeshi tena, maana kufika barabarani napita mbele ya baraza nne na zote zinaniaga. Wikiendi ya harusi kweli hulali. Mtandao ndani ya kuta zile nene unakufa. Kikao cha video nakifanyia chini ya mwembe, na kuku wanaingia kwenye picha. Mgeni wa kiume akija kuniona, hata akiwa kaka yangu wa tumbo moja (alikuja Desemba), anakaa barazani na bibi saa nzima kwanza. Alitoka pale ameahidi kumletea halua ya Tanga.

Na ndiyo, wanajua nilichokula. Mwezi wa Machi niliugua malaria, sikuonekana kisimani asubuhi, saa mbili haijafika mlango umeshagongwa.

Kwa yule aliyeripoti wiki iliyopita: uko gesti Mwanga, usikimbilie kulipa miezi sita. Kaa hapo wiki mbili. Ukienda kuona chumba nenda saa kumi na mbili jioni ukitokea kazini, kwa gari utakalopanda kila siku, siyo kwa pikipiki ya dalali saa nne asubuhi. Fungua bomba. Angalia ukuta kama una mstari.

Bibi ameniambia kodi itapanda elfu tano kuanzia mwezi ujao. Nimemwambia sawa, lakini lile dirisha la nyuma lipate kitasa. Amemtuma mjukuu kwa fundi. Fundi kasema Jumamosi, Mungu akipenda, mbalamwezi ikianza, kwa sababu siku hizi za giza yeye pia yuko ziwani.