Siku moja maishani mwangu: kruu wa boti siku ya mashindano, Watamu

Saa tisa na nusu usiku. Simu inalia, mke wangu anageukia ukutani maana hii kelele ameshaizoea, najimwagia maji ya ndoo halafu boda mpaka ufuoni. Kwa wasionijua, mimi ni kruu, msaidizi wa kepteni, kwenye boti ya kuvua samaki kwa mchezo hapa Watamu, mwaka wa kumi na moja huu. Zile picha unaona mgeni anacheka na samaki mkubwa, halafu pembeni kuna mkono una glavu umeshika mdomo wa samaki, huo mkono ndio mimi. Leo ni siku ya kwanza ya mashindano, ziko mbili.

Saa kumi alfajiri. Chambo. Chuchunge, wale samaki wadogo wembamba, nimewatia chumvi tangu juzi, kwa sababu chuchunge asipokazwa na chumvi ukimburuta dakika kumi tu tumbo limepasuka na huyo hana maana tena. Namkunja mgongo mmoja mmoja alegee aogelee vizuri, ndoana ya duara juu ya kichwa, mdomo nafunga kwa uzi wa nta. Thelathini na sita. Kepteni anapita na tochi, anachukua mmoja, anautazama mdomo, anarudisha bila neno. Hiyo kwake ni sifa.

Saa kumi na moja. Timu inafika, watu watatu wa familia moja kutoka Nairobi. Mzee amevua miaka mingi kuliko umri wangu kazini, yeye yuko kikombe cha wazi, kile cha yeyote. Mkwewe, kijana wa benki, hajawahi kushika rodi, ile fimbo ya kuvulia, yeye kikombe cha wanaoanza. Na binti wa miaka kumi na tatu, kikombe cha watoto. Nikafurahi, maana hakuna wa katikati. Niseme ukweli wangu, anayeanza anakusikiliza, bingwa anajua, lakini yule aliyevua mara nne mwaka jana na akaangalia video, huyo ndiye atakayekufundisha kazi yako mchana kutwa halafu avute ndoana kwa nguvu samaki akiguna tu. Ndoana ya duara haitaki kuvutwa. Unamwacha samaki ageuke aende zake, uzi ukaze wenyewe, inajipachika pembeni mwa mdomo. Mtu wa katikati hawezi kusubiri hata umfunge mikono.

Saa kumi na mbili tushapita mlango wa mwamba. Hapa ndani ni hifadhi ya bahari tangu 1968, huruhusiwi kuangusha hata uzi mmoja, kwa hiyo boti zote zinatoka kimyakimya zimejipanga kama matatu stejini. Saa kumi na mbili na nusu redio inasema mishipi majini, na injini zote zinabadilisha mlio.

Mzee kachagua uzi wa kilo 8, yaani nguvu yake ya kuvutwa kabla haujakatika. Wale wengine nimewapa wa kilo 24. Uzi mwembamba alama nyingi, ndio hesabu ilivyo, sulisuli, yule samaki mwenye mdomo mrefu kama mkuki tunayemtafuta, ni yuleyule lakini kwenye uzi wa kilo 8 unamchezea kama unamvuta kwa unywele.

Saa mbili na kitu. Sulisuli watatu nyuma ya chambo, wamewaka. Kama hujawahi kuona, samaki anakuja rangi ya shaba halafu ghafla mistari ya buluu inawaka ubavuni kama taa, na lile tanga la mgongoni linatoka juu ya maji. Binti akapata mmoja. Mimi nyuma yake mikono nimeikunja kifuani, maana sheria ya kimataifa haina huruma hapo, samaki akishachukua chambo hakuna mwingine kugusa rodi wala rili ya kuzungushia uzi wala uzi wenyewe mpaka mwisho, mimi naruhusiwa kushika lida tu, ule uzi mnene wa mwisho. Kwa hiyo ni mdomo tu. Inua polepole mama, sasa shuka huku unazungusha, usizungushe akikimbia, mwache akimbie, inua tena. Dakika ishirini na mbili. Nikashika lida, kepteni akapiga kelele redioni, nikamchoma tegi, kile kitambulisho kidogo chenye namba, begani juu ya ule mstari wa ubavuni, nikamshika mdomo (mkwaruzo wake kama msasa) boti ikaenda taratibu maji yapite kwenye matamvua, akapata nguvu, akaondoka. Binti analia anacheka. Kadi nikajaza hapohapo: namba ya tegi, aina, uzito wa kukisia kilo 25, mahali. Hizo kadi zinakwenda African Billfish Foundation, wao wako papa hapa Watamu na kazi hii wameianza 1990.

Saa nne mzee akapata wake, akapigana naye karibu saa nzima, uzi ukakatika. Akaomba chai.

Saa saba hivi jua utosini, mahamri yameisha, na rodi ya kijana wa benki inalia. Anafanya vizuri kabisa, nilimfundisha na ananisikiliza, redioni hakuna anayeanza mwingine mwenye samaki mpaka saa hiyo. Samaki akaruka mara ya tano karibu na boti, kijana akashtuka, kitako cha rodi kikachomoka kwenye mkanda, rodi ikaruka mbele, na mimi nikaidaka.

Sekunde moja. Labda hata haikufika. Nikaiachia kama imenichoma.

Na sikia hii, ile rodi ilikuwa na kamba ya usalama. Niliifunga mwenyewe asubuhi. Isingeenda popote.

Hakuna boti iliyokuwa karibu. Kijana hata hakuelewa, aliniambia asante kaka. Nikainua macho juu kwa kepteni, naye ananitazama, mzee pia ananitazama na kikombe chake. Nikasema, kepteni, nimegusa. Akachukua redio akatangaza samaki huyu hahesabiwi, sauti ileile anayotumia kuuliza upepo. Samaki tukamalizana naye, tegi tukamchoma, kadi nikajaza, maana hayo yanahusu uhai wake si alama zetu.

Saa kumi jioni mishipi juu. Kurudi nilikuwa naosha rodi kwa maji baridi, kijana akaja akakaa kando yangu, akauliza kama ingekuwa sulisuli wake wa kwanza rasmi. Nikamwambia ni wako, ila kikombe ndio nimekula mimi. Akacheka, mimi sikucheka sana.

Saa moja usiku wanasoma matokeo, binti anaongoza watoto. Upande wa wanaoanza anaongoza mtu mwenye sulisuli mmoja tu.

Saa tatu niko nyumbani, beseni la chuchunge katikati ya miguu, nageuza wa kesho kwenye chumvi. Kepteni kapiga simu. Nikajua ndio hiyo kazi imeisha. Akasema kesho samaki akishika, mikono yako uitie mfukoni.

Kaptula yangu ya kazi haina mifuko. Mke wangu katoa sindano, anashona.