Mbaazi za Bereko na Ukubwa wa India: Nanenane ya 2017

Tangazo la India kuwekea kikomo mbaazi zinazoingia kutoka nje lilitoka New Delhi Jumamosi ya tarehe 5 Agosti 2017. Siku tatu baadaye, kilele cha Nanenane, sikukuu ya wakulima, pale viwanja vya Nzuguni, Dodoma, banda letu bado lilikuwa na bango linalosema soko la mbaazi India ni la uhakika. Bango liling'olewa saa nne asubuhi, baada ya simu ya tatu kutoka Dar es Salaam. Sahani za sampuli zilibaki mezani, na wakulima wa Kondoa na Singida waliendelea kuingia kuuliza bei, mpaka mmoja wao akaanzisha mjadala kama India ni taifa kubwa kweli.

Nilikuwa nasimamia ununuzi wa mbaazi kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka, na kazi ya siku ile ilikuwa kueleza viwango. Mnunuzi wa Mumbai alitaka mbaazi nyeupe, unyevu usizidi asilimia 12, uchafu usizidi asilimia 2. Kupima unyevu ni kazi ndogo: unajaza kikombe cha kipimo hadi usawa bila kushindilia, unafunga, unasoma namba. Ukishindilia, namba inadanganya. Asiye na kipimo hung'ata punje. Ikivunjika kwa mlio imekauka. Ikibonyea kwenye jino, mzigo urudi juani. Baada ya hapo mzigo hupita kwenye chekeche mbili, ya kwanza ikibakiza vijiti na maganda juu, ya pili ikipitisha vumbi na punje pasua chini. Unafungwa kwenye mifuko ya kilo 50, na kontena la futi 20 hubeba kama tani 24, yaani mifuko 480. Hufukizwa kuua fukusi, hukaguliwa, hupewa cheti cha afya ya mimea, kisha huenda bandarini. Mumbai zikifika huitwa "Arusha", hata kama zimelimwa Bereko, kule Kondoa, na hazijawahi kuiona Arusha.

Faida ya biashara hii yote imo ndani ya dirisha jembamba. Huku kwetu mbaazi huvunwa kuanzia Julai hadi Septemba au Oktoba. India huvuna zake kuanzia Desemba. Mzigo wetu ukifika kati ya Septemba na Novemba, maghala yao yanakuwa yamepungua na bei iko juu. Ukichelewa, unakutana na mavuno yao sokoni. Kuusubirisha ghalani nako kuna gharama yake, kwa sababu fukusi huzaliana haraka kwenye joto, na gunia lililoingia na mayai machache hutoka limetobolewa baada ya miezi michache.

Tangazo lile liliangukia mwanzoni mwa dirisha. Lilisema India itapokea mbaazi tani 200,000 tu kwa mwaka mzima wa fedha, kutoka dunia nzima. Chanzo chake hakikuwa chuki. Mwishoni mwa 2015 kilo moja ya dengu za mbaazi, zile zilizokobolewa wanazopikia mchuzi kila siku, ilifika kama rupia 200 kwa mlaji, na serikali yao ikahimiza wakulima wapande. Wakapanda. Mavuno yakaruka kutoka kama tani milioni 2.5 hadi zaidi ya milioni 4 katika msimu wa 2016/17. Bei ya chini iliyotangazwa na serikali ilikuwa rupia 5,050 kwa kilo 100, lakini sokoni ikashuka chini ya hapo. Mlango ukafungwa.

Ulibaki upenyo mmoja: mikataba ya serikali kwa serikali haikuguswa. Msumbiji walikuwa nao. Walitia saini Julai 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alipopita Maputo, kwamba India itanunua mbaazi zao hadi kufikia tani 200,000 kwa mwaka ifikapo 2020/21. Siku tatu baada ya Maputo, Modi alikuwa Dar es Salaam. Sisi tulitia saini mambo mengine, ukiwemo mkopo wa maji wa Zanzibar wa dola milioni 92. Mbaazi hazikuwemo. Mpaka leo naona hilo ndilo lililotuumiza kuliko tangazo lenyewe.

Mjadala ulianza mzee mmoja wa Bereko alipouliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Kwenye banda alikuwepo binti wa mwaka wa pili pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anayesoma uchumi, aliyekuja kujitolea kwa wiki ile. Alikuwa akimweleza mzee kwamba asikate tamaa, India ndiyo taifa kubwa lijalo, litaipita hata Marekani, na mwenye mlango kwa mkubwa hafi njaa.

"Bajaji iliyokuleta hapa kutoka stendi, mzee wangu, imetengenezwa wapi? Na dawa za presha unazomeza?"

"India," mzee akakubali. "Sasa mwanangu, taifa kubwa hilo linaogopaje mbaazi zangu mimi?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Serikali inayofunga mlango kwa sababu ya bei ya mbaazi ni serikali yenye wapiga kura wengi shambani. Wakati ule karibu nusu ya wafanyakazi wote wa India walikuwa kwenye kilimo. Viwanda vilichangia kama asilimia 15 tu ya uchumi wao, na lengo walilojiwekea mwaka 2014 lilikuwa asilimia 25. China ilikwea kwa njia nyingine: kuanzia 1978 ilihamisha watu kutoka mashambani kwenda viwandani, ikaanza na miji michache ya pwani kama Shenzhen. Kufikia 2017 uchumi wake ulikuwa trilioni 12 za dola na wa India trilioni 2.6. Marekani ilikuwa kwenye 19. Ukigawa kwa vichwa, Mhindi mmoja alipata chini ya dola 2,000 kwa mwaka.

Binti hakurudi nyuma. Alisema watu ndio mtaji, na India ina vijana wengi wakati China inazeeka. Hapo alikuwa sahihi, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba India imeipita China kwa idadi ya watu. Ila kijana huwa mtaji pale anapopata kazi yenye tija, na bajaji na vidonge, pamoja na wingi wake mitaani kwetu, havijaweza kuajiri umati ule.

Mezani kulikuwa na faili la shehena moja ya msimu wa nyuma, tulilokuwa tukiwaonyesha wakulima safari ya mzigo. Tukalifungua upya kwa jicho la swali la mzee. Mnunuzi, kampuni ya Mumbai. Lori lililoshusha kontena Dar es Salaam, Scania ya Sweden. Meli, ya kampuni ya Denmark. Ankara, kwa dola za Marekani. Na malipo, ingawa yalitoka benki ya Mumbai kuja benki ya hapa, yalipitia benki ya New York, kwa sababu malipo mengi ya dola yanayovuka mipaka hukamilishwa na benki za huko. Mkulima wa Kondoa anamuuzia mla mchuzi wa Maharashtra, na katikati amekaa mtu ambaye hata mbaazi hali. Kwa mtazamo wangu karatasi ile ilijibu swali kuliko takwimu zote. India ilikuwa na uwezo wa kuvunja bei Bereko, lakini bei yenyewe, ikiwa nzima au imevunjika, ilihesabiwa kwa fedha ya mwingine.

Mzee akaongeza la kwake. Alikumbuka mwaka 1981, Salim Ahmed Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, raundi baada ya raundi. China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa akikalia kiti hicho, hivyo hivyo, mpaka akapatikana mtu wa tatu, Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. "India ingeweza kufanya hivyo?" aliuliza. Isingeweza, wala leo haiwezi. Haina kiti cha kudumu kwenye Baraza la Usalama. Nguvu ya kijeshi nayo ilikuwa na tundu: katika miaka ile India ndiyo iliyokuwa ikiagiza silaha nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na taifa linalonunua bunduki kwa wengine huuliza kwanza kabla ya kufyatua. Manowari za kubeba ndege ilikuwa nayo moja. Marekani ilikuwa na 11.

Hoja bora ya siku ile aliitoa binti mwishoni, wakati upepo wa Nzuguni umeshaanza kupeperusha karatasi. Alisema Marekani nayo, mwaka 1900, ilikuwa na wakulima kama theluthi moja au zaidi ya wafanyakazi wake, na uchumi wake ulikuwa umeshaipita Uingereza, lakini biashara ya dunia iliendelea kuhesabiwa kwa pauni. Ilichukua vita mbili kuu na mkutano wa fedha za dunia wa Bretton Woods wa 1944 ndipo dola ikakaa kitini. Kwa hiyo, alisema, kuchelewa si kushindwa. Sikuwa na jibu la kumwangusha, isipokuwa kwamba Marekani ya 1900 ilikuwa tayari na viwanda, na India ya 2017 ilikuwa bado inavitafuta.

Mzee alitaka kujua apande nini. Nilimshauri abakize mstari mmoja wa mbaazi katikati ya mahindi kwa ajili ya rutuba na chakula, eneo lingine aweke alizeti, ambayo ina wakamuaji hapa hapa Dodoma na Singida. Magunia aliyokuwa nayo aliyauza mwezi uliofuata. Kilo iliyokuwa ikivuka shilingi 2,000 miaka miwili nyuma, yeye alipata chini ya 500, na kuna jirani zake waliouza kwa 200.

Tangu hapo mengi yamesogea. Agosti 2023 India ilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Mwaka huo huo ilifungua njia ya kulipana na Tanzania kwa rupia na shilingi, ingawa mfanyabiashara wa huku bado hujiuliza rupia atazipeleka wapi, maana hata mafuta yanayotoka mitambo ya Gujarat, huko huko India, huuzwa kwetu kwa dola. Mlango wa mbaazi nao ulifunguliwa Mei 2021, ila kwa ruhusa ya muda, ambayo imekuwa ikiongezwa mwaka hadi mwaka, na tangu 2022 mwisho wake huwa tarehe 31 Machi. Kondoa mbaazi hupandwa Desemba na Januari, zikavunwa Agosti. Anayezipanda huziweka ardhini kwa ruhusa itakayokwisha kabla hazijakomaa.