Mwanga Uliovujia Begani

Ni harufu ya spiriti. Jana nilikuwa nimechuchumaa kando ya kisanduku cha faiba Kongowea, nimeshamenya uzi na kuupangusa, binti yangu akaniuliza, "Baba, huu waweza kushika mwanga wa nyota?" Nikamwambia waweza, kisha nikanyamaza. Nilikuwa nimeikumbuka meza ya Majengo.

Ilikuwa Mei 2021, mwezi DESI, chombo kinachonasa mwanga wa galaksi kwa nyuzi za faiba, ilipoanza rasmi kupima anga kwa darubini ya Mayall ya mita 4, Kitt Peak, Arizona. Sisi watatu tulikuwa waunga faiba tangu nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, ziliposhuka Mombasa mwaka 2009. Tulitaka kujua kwa mikono yetu jinsi roboti 5,000 zinavyoelekeza nyuzi 5,000, kila uzi kwa shabaha yake, kwa dakika chache tu. Katika upimaji wa Sloan, mradi wa anga uliotangulia DESI, sahani ya alumini ilitobolewa, na mafundi wakachomeka nyuzi 640 kwa mkono, mmoja baada ya mwingine.

Roboti ya DESI ina mota mbili zenye kipenyo cha milimita 4. Moja huzungusha bega, ya pili kiwiko. Mkono wa bega una milimita 3 na wa kiwiko 3, kwa hiyo ncha hufika milimita 6 kutoka katikati, na jirani yuko milimita 10.4 tu. Maeneo yao yanaingiliana makusudi, pasibaki pengo la anga. Ndiyo sababu programu lazima ipange nani aondoke kwanza.

Tulikuza vipimo mara 10 tukatengeneza roboti mbili, kwa mota ndogo za 28BYJ-48. Mota hizo zina hatua 2,048 kwa mzunguko, kwa hiyo hatua moja ya kiwiko husogeza ncha karibu milimita 0.09. Siku ya kwanza viwiko viligongana. Ya pili tukagundua meno ya giya yamelegea: ukienda kulia kisha ukirudi kushoto, hatua za mwanzo hupotea bure. Dawa yake ni kufikia shabaha kutoka upande uleule kila mara, hata ikibidi upite kisha urudi.

Lakini usiku ninaoukumbuka ni wa tatu. Kule Kitt Peak, nyuzi huwashwa kwa nyuma, na kamera iliyo katikati ya kioo kikuu huzipiga picha. Kompyuta hulinganisha mahali ncha ilipo na mahali ilipotakiwa, kisha roboti husogezwa tena mpaka kosa liwe chini ya maikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita. Uzi wenyewe una kiini cha maikroni 107. Tukaiga: taa nyekundu ya kutafutia palipokatika upande wa nyuma, simu juu ya stendi. Tukazima taa ya chumba. Adhana ya Isha ilikuwa imekwisha, feni imezimwa isitikise meza, jasho latutoka.

Nukta mbili nyekundu zikasimama gizani. Tukaamuru bega la kushoto. Nukta yake ikasogea, ikapungua, ikapungua tena, na chini yake kukawaka pete nyekundu pale pasipopaswa kuwa na kitu. Hakuna aliyesema neno. Bega lilikuwa limepita mzunguko mmoja kamili, uzi umejiviringa kwenye mhimili, na mwanga ulikuwa ukivuja kwenye kona ile kali. Kumbe programu yetu ilihesabu hatua bila kizuizi cha mwisho. Nilinyoosha mkono kuzima, nikachelewa. Kioo kililia *tik*, nukta ikatoweka.

Nyuzi nene za DESI hazivuji kirahisi hivyo, ila ukizisonga, koni ya mwanga unaotoka hupanuka, na sehemu yake haiingii kwenye spektrografu, kifaa kinachotenganisha rangi za mwanga. Mwanga uliosafiri mabilioni ya miaka, upotee ndani ya mita 50 za mwisho za kebo! Liliniuma usiku ule, na bado laniuma.

Jioni nilimtolea binti yangu ile roboti kabatini. Bega halizunguki tena.

"Na za kule zikikwama?"

Nikamweleza kwamba hazing'olewi. Iliyokwama ikiangukia mahali patupu, hutumika kupima mwanga wa anga lenyewe, ili uondolewe kwenye vipimo vya galaksi.

Akaishika kiwiko, akakizungusha polepole kwa kidole. "Basi hii nayo yapima nini?"

Sijampa jibu.