Siku moja maishani mwangu: majina matano ubaoni

Saa 11:00 alfajiri

Naamka kabla ya kengele ya kanisa. Mwishoni mwa Oktoba huku kwetu Lindi joto halingoji jua lipande, na hewa ya alfajiri inanukia mabibo yaliyodondoka usiku chini ya mikorosho ya jirani. Nawasha mkaa, nabandika chai, na maji yakiwa bado hayajachemka napitia tena andalio la somo. Leo Darasa la Tano wanasoma Vita vya Maji Maji, vita vya watu wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani. Hii ni mara yangu ya tisa kuifundisha mada hii, na kila mwaka usiku wa kuamkia siku hiyo usingizi hunipaa.

Nafundisha shule ya msingi ya Kanisa Katoliki, kando ya barabara ya Lindi kwenda Masasi, si mbali na Nyangao. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka uliofuata. Mwaka 1905 misheni zote mbili zilichomwa moto na wapiganaji wa Maji Maji. Waliozichoma hawakutoka mbali. Ni mababu wa watoto ninaowafundisha, na ni mababu zangu mimi Mmwera, ninayesali rozari kila jioni. Kuna walimu wanaoiruka sehemu hiyo ili wasimuudhi mtu. Mimi siwezi.

Saa 12:00 asubuhi

Misa. Mlangoni mwa kanisa limeshawekwa sanduku la nia za Misa ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba. Ni boksi la karatasi lililofunikwa kitambaa cha zambarau, na juu lina upenyo mwembamba wa kutumbukizia vikaratasi vyenye majina ya marehemu wa kuombewa.

Saa 1:20 asubuhi

Paredi. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele, amina!" Wanafunzi wetu Waislamu, ambao si wachache, wanaitikia au wananyamaza, kila mmoja kwa malezi ya nyumbani kwake, na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Nahesabu mistari. Darasa la Tano wamepungua sita. Ni msimu wa korosho, najua walipo. Mvulana mmoja aliyewahi ananificha mikono, namwomba anionyeshe. Ncha za vidole zimekuwa nyeusi na ngozi inabanduka, alama ya mafuta ya ganda la korosho. Jana jioni alikuwa anabangua. Simwambii neno la kumtia aibu. Namwambia leo ataandika kidogo, asikilize sana.

Saa 2:40 asubuhi

Masomo mengi shuleni kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, na tofauti naiona usoni mwa watoto. Mtoto ambaye kwenye hisabati huinamisha kichwa, hapa ananyoosha mkono mpaka anainuka kwenye dawati.

Sikuanza na tarehe. Niliingia na beseni la karanga za maganda, nikawagawa makundi manne, nikasema, "Menyeni. Dakika kumi. Hakuna kula." Walimenya kwa bidii, vidole vinakimbia, maganda yamejaa chini ya madawati. Muda ulipoisha nikakusanya karanga zote kwenye beseni, nikampa kila mtoto punje moja, nikabeba beseni na kuelekea mlangoni.

Kelele iliyozuka nadhani ilisikika hadi ofisini.

"Mwalimu, na zetu?"

"Zenu ndiyo hiyo moja."

"Lakini sisi ndio tumemenya!"

Nikarudi, nikaliweka beseni mezani. Nikawaambia kwamba wakati wa Wajerumani, katika wilaya ya Dar es Salaam, watu walilazimishwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka katika mashamba ya pamba ya jumuiya. Msimu wa kwanza ulipokwisha, mfanyakazi mmoja alipata senti 35. Wengine walikataa hata kuzipokea. Huku nyuma shamba lake mwenyewe la chakula limeota majani, na akichelewa kazini kuna kiboko.

Yule mvulana wa vidole vyeusi akasema polepole, "Senti hata gunia huwezi kununua." Nyumbani kwao wanapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, wanasubiri mnada, wanasikia bei. Mtoto wa huku anajua maana ya kupimiwa jasho lako na mtu mwingine. Sikuwa na haja ya kumwongezea.

"Kwa nini hawakugoma?" akauliza mwingine.

Walikataa. Julai 1905, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, waling'oa mashina ya pamba. Kung'oa mmea wa serikali kulikuwa kutangaza vita. Nikawaeleza juu ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake ya dawa, na kwamba alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Watoto wawili watatu wakacheka waliposikia kwamba maji yangegeuza risasi kuwa maji. Hapo nilisimamisha somo. Siruhusu watu wale wachekwe darasani kwangu. Maji yale yaliwaweka upande mmoja Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na Wangoni, watu ambao kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na vita vyake. Mtu anayeamka usiku kumfuata mwenye bunduki ya rashasha huku ameshika mkuki hajafanya mchezo.

Kisha likaja swali nililokuwa nalingoja. Binti wa dawati la pili, anayeimba kwaya ya watoto:

"Mwalimu, waliochoma kanisa letu walikuwa watu wabaya?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nilichukua chaki nikaandika majina matano: Askofu Cassian Spiss, Bruda Andreas, Bruda Gabriel, Sista Felicitas, Sista Cordula. Waliuawa tarehe 14 Agosti 1905 huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, wakiwa safarini kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea Peramiho. Hawakuwa wamebeba silaha za vita. Chini ya majina hayo nikachora mstari, na chini ya mstari nikaandika: 75,000 hadi 300,000. Hayo ni makadirio ya Waafrika waliokufa kufikia mwaka 1907, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi.

Nikawaambia: wote hawa, juu ya mstari na chini ya mstari, walikufa katika nchi yetu na sisi ndio tunaowakumbuka. Kumuua mtu asiyekupiga ni kosa. Kumwibia mtu jasho lake na kuchoma chakula cha watoto wake ni kosa. Sitawapa kosa moja niwafiche jingine.

Binti akatazama ubao kwa muda. "Mbona wa juu wana majina, wa chini wana namba tu?"

Miaka tisa, na swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nikajibu nilivyoweza: wa juu walikuwa na watu wa kuandika. Wa chini walikuwa na watu wa kusimulia, na masimulizi yanaishi kwa kuulizwa. Nikafuta kazi ya nyumbani niliyoandaa, nikaandika nyingine: Uliza wazee wa nyumbani. Tafuta jina moja.

Saa 4:00 asubuhi

Uji. Karanga zikarudi kwa wenyewe, wakagawana kwa haki kuliko ambavyo ningegawa mimi.

Saa 5:20 asubuhi

Darasa la Saba, marudio. Mapigano ya Mahiwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Oktoba 1917, hapa hapa jirani. Wapagazi walioteseka katika vita ile ya wakubwa, na jinsi Kariakoo ya Dar es Salaam ilivyopata jina kutokana na kambi ya kikosi chao, Carrier Corps. Wengi hawakuamini kwamba soko wanalolijua kwa nguo za Krismasi lina habari hiyo.

Saa 6:00 mchana

Malaika wa Bwana, kisha wali na maharage. Mvulana mmoja Mwislamu akanifuata nikinawa mikono. "Mwalimu, sisi nyumbani tutawasomea dua." Nikamwambia vizuri sana, afanye hivyo.

Saa 9:30 alasiri

Kusahihisha daftari. Arobaini na moja. Hakuna la kusimulia.

Saa 11:00 jioni

Njiani kurudi nyumbani namkuta yule binti amekaa mkekani na bibi yake, uani chini ya mkorosho. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu. Wewe ndiye unayemtuma mtoto kuniuliza habari za wafu?" Nikaomba radhi. Akakataa radhi yangu, akanisogezea kigoda.

Alisimulia alichosimuliwa na nyanya yake. Vita vilipowapita, ghala halikuwa na punje wala mbegu. Waliingia porini kuchimba ming'oko. Huku kusini kila mtu anaijua ming'oko, viazi vya porini vyembamba vyenye mizizi ya nywelenywele, leo tunavichemsha tukivitamani, vinauzwa hadi stendi. Bibi akaniwekea vidole viwili pamoja, unene wa kiazi kimoja. "Hicho watu watatu, siku nzima. Mdogo wake nyanya hakufika msimu wa mvua."

Mjukuu akauliza jina lake. Bibi alikaa kimya, midomo inatembea, kisha akalitamka. Ni jina la ukoo wao, sitaliandika hapa. Binti alichana karatasi katikati ya daftari, jambo ambalo shuleni ningemkemea, akaliandika kwa herufi kubwa.

"Mwalimu, hakubatizwa. Linaweza kuingia kwenye sanduku?"

Nikamwambia kwamba katika Misa Kanisa huwaombea hata marehemu ambao imani yao aijuaye ni Mungu peke yake.

Saa 12:15 jioni

Tulikwenda wote wawili kanisani kabla giza halijaingia. Upenyo wa sanduku ni mwembamba na karatasi ilikuwa imekunjwa mara moja tu, ikakwama. Akaitoa, akainyoosha gotini kwa kiganja, akaisoma tena, akaikunja mara nne, na safari hii ikaingia.