Kibanio kikazwe kiasi gani?

Mtoto wa kaka yangu, baharia kwenye boti za wageni pale Watamu, aliona video niliyomtumia kutoka Ludington, Michigan, Marekani, ya kibanio kinachoshika mshipi wa kuvulia hadi samaki aume, akaniuliza: "Ami, hicho kibanio mbona umekikaza hivyo? Sulisuli angekwisha kutema."

Kwa sulisuli kasema kweli. Kule kwetu kibanio cha outriga, ule mti mrefu unaotokeza ubavuni mwa boti, kazi yake ni kuachia upesi. Mshipi unalegea, chambo kinazubaa nyuma ya boti kama kimepigwa, samaki anageuka kukimeza, ndipo unapomkaza. Huku Ziwa Michigan tunarambaza kwa daunriga, kifaa cha kushusha chambo kilindini, na mambo ni kinyume. Kibanio kinaning'inia kwenye chubwi la ratili 10 au 12, linashushwa kwa waya hadi futi 60, 80, pengine zaidi ya mia, kule kwenye maji ya baridi wanakokaa samoni wakati wa kiangazi. Samaki akiuma, mimi niko juu na kahawa mkononi. Anayemtia ndoano si mimi, ni uzito wa lile chubwi na ukaidi wa kibanio. Chinook, aina ya samoni mkubwa, ana taya ngumu. Kibanio kikiachia mapema anatikisa kichwa na kijiko, yaani chambo bandia cha chuma, kinamtoka.

(Chinook si mwenyeji hapa. Aliletwa 1967, mwaka mmoja baada ya koho, samoni mwingine, ale visamaki vya alewife vilivyokuwa vimejaa ziwani hadi vikifa na kunuka ufukweni. Bila yeye sidhani ningejua daunriga ni nini.)

Basi kwa nini nisikikaze kabisa? Kwa sababu ya wadogo. Trauti wa kiganja anauma kijiko, hana nguvu ya kuuchomoa mshipi, nawe unamburuta nusu saa nzima ukidhani unavua. Dalili yake ni ncha ya rodi kutetemeka, kutetemeka kusikofanana na kupiga kwa mawimbi. Ukiiona, pandisha.

Vibanio vyangu ni vya vidole viwili vyenye mpira, kama kibanio cha nguo. Vingine vina skrubu ya kukazia, lakini mimi sivipendi: baridi ya alfajiri na skrubu ndogo haviendi pamoja. Kwa hivi vya mpira, kipimo ni mahali unapouweka mshipi. Ukiwa ukingoni mwa mpira, unatoka kwa mvuto mdogo. Ukiuzamisha hadi karibu na springi, unahitaji samaki wa haja. Kwa trauti naweka ukingoni. Kwa Chinook, katikati au ndani zaidi kidogo. Nikivuta ile sahani kubwa inayomeremeta na kuzunguka mbele ya chambo, lazima nikaze zaidi, maana sahani peke yake inavuta kwa nguvu na itauchomoa mshipi bila samaki yeyote. Mawimbi nayo yana madai yao: boti ikipanda na kushuka, chubwi linarukaruka na kibanio chepesi hakidumu.

Navipima vibanio bandarini kabla ya kuondoka. Nafunga mshipi kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza, nauingiza kwenye kibanio, navuta taratibu. Kwa Chinook nataka kiachie kwenye kilo mbili hivi. Vibanio viwili vya pakiti moja huwa havilingani, kwa hiyo nimevitia alama za rangi.

Mshipi wa kusuka ni balaa jingine. Ni mwembamba, unateleza kwenye mpira, tena unauchimba mifereji. Dawa yangu ni kipande cha mpira wa bendi: nakizungusha kwenye mshipi, nakipitisha ndani yake mwenyewe, nakaza, kisha nabana ule mpira badala ya mshipi. Samaki akivuta, bendi inakatika.

Halafu kuna kosa la watu wengi: kibanio kiko sawa, rodi imelegea. Chubwi likishafika chini, zungusha rili hadi rodi ipinde vizuri. Kibanio kikiachia, rodi inanyooka kwa ghafla na kuufyonza mshipi uliolegea kabla samaki hajapata nafasi.

Sasa, kijana wangu, wewe unataka kushusha kibua hai kwa ajili ya kolekole. Huko usinifuate mimi. Tumia bendi nyembamba kabisa, boti iende polepole mno, na kolekole aondoke na kibua kabla hujaigusa rodi.