Bakteria wa Tope la Bahi

Kila ninapoeleza kazi ya kikundi chetu cha hapa Dodoma, kinachochunguza bakteria wanaostahimili chumvi, swali la kwanza huwa lile lile: kwa nini tulimwacha Escherichia coli, bakteria anayefahamika katika kila maabara, tukaenda kuchota tope la chumvi Bahi, mkoani Dodoma? Jibu langu fupi ni kwamba otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, ilitushinda. Jibu refu ndilo hili.

E. coli wa maabara, hasa yule wa ukoo wa K-12, alitolewa kwa mgonjwa mmoja huko Stanford, Marekani, mwaka 1922, na tangu hapo ameishi kama mtoto wa kulelewa ndani, akilishwa chakula kilichochemshwa na kulindwa dhidi ya kila mgeni. Jenomu yake, yaani maelezo yote ya DNA yake, ilichapishwa nzima mwaka 1997. Mashindano ya iGEM, ambamo timu za wanafunzi huwabadilisha viumbe jeni ili wafanye kazi mpya, yalipofanyika mwaka 2004 yakiwa na timu tano tu, baada ya kuanza kama kozi ya chuo cha MIT, Marekani, mwaka uliotangulia, ilikuwa kawaida kabisa wanafunzi wamchague yeye, na hata leo vipande vingi vya DNA vilivyomo katika hazina ya pamoja ya mashindano hayo vimebuniwa kwa ajili yake. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba anadai usafi ambao sisi hatukuweza kumpa: umeme ukikatika otoklevu ikiwa katikati ya kazi, siku mbili baadaye chupa zimeota ukungu wa kijivu, na kuna kipindi tulimwaga kila kitu kwa wiki tatu mfululizo.

Katika wiki hizo za kumwaga ndipo nilipokutana na kazi ya Profesa George Guo-Qiang Chen wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China. Yeye na wenzake wanatumia bakteria wa jamii ya Halomonas, ambao mmoja wao, TD01, alitoka katika ziwa la chumvi la Aydingkol huko Xinjiang. Bakteria hao hukuzwa katika maji yenye takribani gramu 60 za chumvi kwa lita na yenye magadi ya kutosha kuwafukuza wageni wengi, kwa hiyo tangi linaweza kuachwa wazi, bila kuchemshwa, na bado likatoa plastiki inayooza inayoitwa PHA. Nilisoma sentensi hiyo ya tangi lililo wazi mara tatu. Kisha nikafikiria ardhi ya Bahi wakati wa kiangazi, ile inayoonekana kama imemwagiwa unga.

Tulikwenda mwezi wa Septemba, wanafunzi wanne na vichupa ishirini. Ukibonyeza ukoko ule mweupe kwa kidole gumba unavunjika kama kaki, na chini yake lipo tope jeusi lenye unyevu na harufu ya mayai yaliyoharibika. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga alitutazama kwa muda, tukamwamkia shikamoo babu, naye akaitikia na kusema, "Wajukuu zangu, hilo hata ng'ombe analilamba tu, halimshibishi." Tulipomwambia kwamba tunatafuta viumbe wasioonekana kwa macho, alicheka, akatuonyesha mahali ambapo ng'ombe hupenda kulamba zaidi. Sampuli zetu nzuri zilitoka hapo.

Aibu yetu kubwa ilikuja baadaye. Tuliandaa sahani za agari, yaani uji mgumu wa kukuzia bakteria, zenye chumvi asilimia 20, tukazipaka tope lililoyeyushwa, na baada ya siku tano zikajaa vidoa vyeupe vinavyong'aa, tukapiga picha na kuzituma kwa timu mbili tunazoshirikiana nazo: moja ya Morogoro, nyingine ya chuo kimoja cha Ulaya. Dada mmoja wa Morogoro alijibu kwa upole, "Kaka, jaribuni kudondoshea tone la maji." Tulidondosha, na koloni yetu ya kihistoria, tuliyodhani ni kundi la bakteria, ikayeyuka. Ilikuwa chumvi tu, kwa kuwa agari ilikuwa imekauka. Chini ya hadubini vidoa vingine vilikuwa na pembe nne zilizonyooka, jambo ambalo lingetushtua mapema kama tungetazama kabla ya kushangilia. Koloni za kweli zilikuja katika sahani za asilimia 8, zikiwa na rangi ya maziwa na zikivutika kama uteute.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ushirikiano wa timu unapokuwa na maana. Ukiwa na E. coli unaweza kujifungia, kwa sababu karibu kila kosa lako limeshafanywa na kuandikwa na mtu mwingine. Ukiwa na kiumbe asiyezoeleka, kitabu chako ni makosa ya jirani. Wenzetu wa Ulaya, wakitumia Halomonas waliyempata kihalali kutoka katika hifadhi ya vijiumbe, walijaribu kumwingizia plasmidi, yaani kiduara kidogo cha DNA kinachobeba jeni mpya, kwa mshtuko wa umeme. Chumvi iliyobaki katika seli ilipitisha umeme kupita kiasi, ukasikika mlio kama fataki, na seli zote zikafa. Walihamia njia nyingine, ya kumtumia E. coli kama mpeleka plasmidi, kwa kuwaweka bakteria wawili hao katika sahani moja yenye chumvi asilimia 2, kiasi ambacho wote wawili wanakivumilia. (Kwa hiyo hatukumwacha mzee K-12 kabisa.) Wakagundua pia kwamba kanamisini, dawa ya kuua bakteria ambao hawakupokea plasmidi, hupungua nguvu katika chumvi nyingi, hivyo kipimo cha kawaida hakikuchuja kitu.

Sisi wa Dodoma hatubadilishi jeni yoyote. Nchi ina kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, na hapa jirani, Makutupora, tuliona jinsi majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni yaliyoanza mwaka 2016 yalivyoamriwa kusimama mwaka 2018. Mwanafunzi anayedhani kibali ni jambo la kuulizia mwishoni hakuwa akifuatilia. Kazi yetu ni kuwatenga bakteria wa tope na kupima wanastahimili chumvi na joto kiasi gani; Morogoro wanasoma jeni ya 16S, ambayo hutumika kutambulisha bakteria, ili kujua ni jamii ipi. Tope lenyewe halivuki mpaka. Kinachosafiri ni jedwali.

Jedwali hilo lina safu tuliyoiita "Kilichoshindikana", na ndiyo ndefu kuliko zote. Juzi niliongeza mstari wa 41: bakteria namba 7 amekua kwa siku nne katika ndoo isiyo na mfuniko, dirishani, maji hayakuchemshwa, na hakuna ukungu. Mwenzetu wa Ulaya ameandika pembeni kwamba mstari huo nimeuweka katika safu isiyo yake. Sijauhamisha bado, nasubiri kuitazama ndoo hiyo siku ya kumi.