Nduthi ya mzee sasa inasimama

Nilikuwa nimesema hii nduthi ya mzee, yaani pikipiki ya baba yangu, siigusi. Ni Honda CG125 ya 1983, tangi lake jekundu limefifia hadi likawa rangi ya tofali, na mzee aliendea nayo shule aliyokuwa akifundisha huko juu Vihiga miaka yote hiyo, mvua ama jua. Jioni akifika getini alikuwa anafinya breki ya mbele na dramu inalia kwiiiii, mama akisikia hiyo akiwa jikoni anateleka chai, hana haja ya kuchungulia ni nani. Mzee alipotuacha nikaishusha Kisumu, nikabadilisha tairi na cheni, nikasafisha kabureta, zingine zote nikaziacha vile alikuwa ameziacha.

Nilibadilisha maneno siku moja natoka Kiboswa nateremka Mamboleo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, nyuma nimefunga gunia nusu la parachichi, na matatu iliyokuwa mbele yangu ikaona abiria ikasimama tu hapo barabarani, indiketa hakuna. Nikafinya breki. Ikashika kidogo, halafu levo ikaja yote hadi ikagusa mpini na pikipiki bado inaenda. Nikakanyaga ya nyuma, tairi ikaanza kucheza, nikashuka gia mbili kwa mpigo injini ikalia kama nguruwe, nikaingia mtaroni. Mimi nilichubuka goti tu. Parachichi nyingine zilitangulia Mamboleo bila mimi. Makanga akatoa kichwa dirishani akasema "pole mkubwa", wakaondoka.

Sasa hiyo si bahati mbaya, ndio tabia ya dramu. Breki shuu zinakaa ndani ya kopo la chuma, ukiteremka mlima mrefu ukifinya finya kopo linapata moto, chuma kikipata moto kinapanuka, kwa hivyo ukuta unazikimbia shuu wakati ule ule unazitaka, na shuu zenyewe zikishika moto hazikwaruzi tena vile inafaa. Ongeza na maji yaliyoingia ndani, kwisha. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, padi zinaibana pande zote mbili; iko nje, inapigwa na upepo, na ikipanuka inanenepa kuelekea padi badala ya kuzikimbia.

Lakini sitaki mtu aseme Honda walikuwa wajinga. Pikipiki yao ya CB750 ilikuwa na diski mbele tangu 1969, na CG125 imetoka 1976, kwa hivyo hiyo teknolojia walikuwa nayo mfukoni. CG waliitengenezea watu wa nchi kama zetu, mtu atasahau kubadilisha oili, atabeba wanne, atapita kwenye matope, ndio maana hata injini waliweka zile fimbo za kusukuma valvu badala ya cheni ya juu, na breki ya mbele wakaweka ya waya ambayo hata mtoto wa darasa la nane anaikaza kwa mkono. Kule Pakistan bado inatengenezwa hadi leo. Kwa spidi za siku zile na barabara za siku zile dramu ilitosha. Shida ni kwamba siku hizi kila mtu ako na haraka na mimi niko katikati yao.

Nikaenda soko la Kibuye hapa Kisumu kwa fundi mmoja ninayemwamini. Akaizunguka mara mbili, akabonyeza mpini shoki zikashuka zikakaa huko chini kama mtu amelala, akaniambia, "Omera, hii ni ya kuwekwa makumbusho." Nikamwambia fundi, mimi nataka diski tu, shoki tuache. Jamaa mwingine aliyekuwa hapo, si fundi wangu, akasema hiyo ni kazi ya saa moja, tunachomelea kishikio cha kalipa, ile koleo inayobana padi, kwenye mguu wa shoki. Mguu wenyewe ni alumini, ya miaka arobaini. Fundi wangu hata hakumjibu, aliniangalia tu. Ukifinya breki nguvu zote zinaenda kwa hicho kishikio, kikikatika kalipa inazunguka na gurudumu inajifunga kwenye spoki, na wewe unaruka mpini. Hapana. Ukitaka kuchezea kamari nenda ukacheze na pesa.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimewaza. Alifungua ile shoki ya kulia, akaigeuza juu ya beseni. Ikatoka supu nyeusi, nusu oili nusu maji, inanuka kama omena iliyosahauliwa kwa mfuko wa plastiki. Ya kushoto ilitoa kijiko. Akasema hata nikikupatia diski ya ndege, ukifinya hapa mbele itazama yote hadi mwisho, uzito wote unakuja mbele kwa mpigo, tairi itadunda badala ya kushika barabara. Breki na shoki ni jembe na mpini wake. Hapo ndio bajeti yangu ilikufa.

Tukatafuta mbele nzima ya pikipiki ya Kichina ya 150 iliyogongwa nyuma, yaani shoki zote mbili, vile vipande vya juu na chini vinavyozishika, gurudumu na diski yake, kalipa, masta silinda (ile pampu ya maji ya breki pale kwa mpini) na levo. Muuzaji alianza na elfu kumi na tano, tukaachana kwa elfu tisa na mia tano baada ya mimi kuondoka mara mbili nikirudishwa. Nilienda na vania yangu, kile kipimo cha unene: bomba za shoki za mzee ni mm 27, hizi ni mm 31. Mm 4 unaweza kuicheka, lakini shika gurudumu katikati ya magoti ujaribu kuukunja mpini ndio utajua tofauti. Ukinunua za mtumba angalia bomba palipo na ile sehemu inayoteleza, pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukikwama kwenye kutu achana nazo, hizo zitakata sili mpya (ile mpira inayozuia oili) ndani ya wiki na oili itakuwa inakojolea diski yako.

Kutoa mbele ya zamani gololi za shingo, pale mpini unapozungukia, zikamwagika, tukazitafuta chini ya kila gunia hapo Kibuye hadi kuku mmoja akashukiwa. Na hata hazikuwa na maana, vikombe vyake vilikuwa na vishimo, ndio kumbe ule mpini ulikuwa unapenda kunyooka peke yake. Tukaweka beringi za roli. Chuma cha shingo ya mpya kilikuwa kirefu kwa mm 6, tukapeleka kwa mzee wa lethi akachonga bushi hivi hivi akiongea na simu, ikaingia kama imezaliwa nayo. Shoki zenyewe ni ndefu kuliko za mzee kwa karibu mm 25, na mbele ikiinuka hivyo pikipiki inakuwa nzito kukata kona, kwa hivyo tulizipandisha zikatokeza juu ya kishikio hadi kimo kikarudi pale pale.

Oili watu wengi wanaweka ile ya gia za gari otomatiki. Inafanya kazi, lakini kwangu ilikuwa nyepesi, mbele inanesanesa, nikaweka ya shoki namba 15, na hii usipime kwa kikombe tu, pima kimo ndani ya kila bomba ikiwa imebonyezwa na springi iko nje, miguu yote miwili iwe sawa. Halafu nikafunga ile kamba ya plastiki ya kufungia waya kwenye bomba, nikaisukuma hadi kwa sili, nikakaa juu na koti na helmeti, nikashuka polepole. Ilikuwa imesogea mm 48. Shoki yenyewe inatembea kama mm 115, na uzito wako ukikaa tu unafaa kula robo hadi theluthi hivi, sio karibu nusu. Dawa? Paipu ya maji ya plastiki. Nilikata vipande viwili vya mm 20, nikavinyoosha kwa msasa, vikakaa juu ya springi. Kupima tena, mm 29. Shilingi hamsini, na hardwea walinirudishia chenji.

Kutoa hewa kwenye breki ndio kulinitoa jasho. Tulipampu kutoka juu vile watu hufanya, levo ikabaki laini kama mandazi ya jana, masaa mawili. Nikaenda duka la dawa za mifugo nikanunua bomba kubwa la sindano, nikasukuma maji ya breki kutoka chini kwenye kalipa kuelekea juu, maana hewa yenyewe inapenda kupanda, mbona uilazimishe kushuka? Ikakaza kiasi. Usiku nikaifunga levo kwenye mpini kwa kipande cha tubu ya baiskeli, nikalala. Asubuhi nimefungua, ngumu kama jiwe. Na ukimwagia hayo maji kwenye tangi rangi inatoka, niko na alama ya kidole kwenye tangi la mzee na hiyo sitajisamehe.

Padi mpya nazo hazishiki siku ya kwanza. Niliamka saa kumi na mbili, barabara ikiwa tupu, nikawa napanda hadi 50 nashusha hadi 10 bila kusimama kabisa, kama mara kumi na tano, halafu nikaiacha ipoe. Spidomita ilikuwa haifanyi, waya wa zamani hauingii kwa gurudumu jipya, nilikuwa nakadiria tu, na hadi leo haifanyi.

Vyuma vya zamani viko kwenye gunia chini ya kitanda, vyote, hata gololi zilizopatikana. Dada yangu alikuwa amenuna ati naharibu kumbukumbu, nikamwambia saa yoyote tunarudisha.

Jumamosi iliyopita nikapanda nayo nyumbani. Kwenye miteremko ya njiani sikuogopa tena, ile kamba ya plastiki ilionyesha bado kuna vidole viwili vya shoki havijatumika. Lakini nilipofika getini nikafinya breki, kimya. Nikaingia hadi mlango wa jikoni, mama akageuka na sufuria mkononi nusura aniangushie.

"We baba, umeingilia wapi?"

"Getini, mama."

Akatoka akaiangalia ile diski inang'aa, akaigusa. "Hii sasa ni pikipiki ya mwizi," akasema.

Siku hizi nikifika getini napiga honi.